Seli Mia Tatu na Arobaini

1

Jicho, mashine ya kusoma seli, lilitoa jibu baada ya sekunde tisa, kama ilivyo kawaida yake. Saratani ya tezi, pafu la kulia, uhakika asilimia tisini na sita. Chini ya jibu kikatokea kisanduku cha kijani, kikisubiri dole gumba la Daktari Tulinagwe Mwaisumo. Akiweka dole, mashine ya kufuma dawa iliyoko ghorofa ya chini ingeanza kazi papo hapo, na kabla ya jua kuzama mgonjwa angekuwa na dripu yake, iliyofumwa kwa seli zake mwenyewe.

Tulinagwe hakuweka dole.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, na katika Nyanda za Juu Kusini zote walikuwa wamebaki wawili tu katika kazi ya kusoma seli, yeye Mbeya na mwenzake Sumbawanga. Wengine walistaafu na nafasi zao hazikujazwa, kwa sababu Jicho lilisoma haraka na halikuugua mafua. Sheria ilidai sahihi ya binadamu, basi wao ndio walikuwa binadamu wa kutia sahihi. Lakini Tulinagwe alikuwa na tabia moja ambayo mkurugenzi wake aliiita ukaidi. Kila kioo chenye seli zilizotolewa kwa sindano ya mapafu alikipitisha kwanza kwenye hadubini yake ya zamani, ndipo aweke dole. Sindano haileti nyama. Inaleta chembe chache ilizozikwangua njiani, nyingine zimepondeka, nyingine zimezama kwenye damu. Kumhukumu mtu kwa chembe hizo ni sawa na kutaka kuijua sherehe nzima kwa kuonja punje tatu za wali.

Kioo cha asubuhi hiyo kilikuwa cha mama mmoja aitwaye Subilaga Kasyupa, miaka thelathini na mitatu, mtaalamu wa mbegu za viazi, hajawahi kuvuta sigara. Nje mvua ilikuwa imekaa juu ya Mbeya tangu alfajiri na baridi imeingia mpaka maabara. Tulinagwe alijifunga khanga mabegani, akainama kwenye lenzi, akakaa hapo muda mrefu.

Seli za saratani ya tezi hazina nidhamu. Moja inakuwa kubwa, nyingine ndogo, viini vyake vimevimba ovyo. Hizi zilifanana kama ndugu wa tumbo moja. Zilijipanga duara kuzunguka uwazi mtupu, na katikati ya kila kiini palikuwa na mfereji mwembamba, kama ule wa punje ya kahawa. Tulinagwe alilelewa na shangazi yake Mbozi, kwenye kahawa. Mfereji ule aliujua kabla hajajua kusoma.

"Kaka Kibona," aliita bila kuinua kichwa. "Hizi umezipaka rangi ngapi?"

Kibona alikuwa fundi wa maabara, mtu wa makamo, mwembamba, aliyefanya kazi ya kupaka seli rangi kwa miaka thelathini. "Tano," alisema. "Zote zimekataa kushika."

"Jicho limeona kwamba zimekataa?"

"Limeona. Limeandika kwamba rangi zangu zina kasoro."

Alilisema hilo taratibu, akiangalia vidole vyake. Tulinagwe akaelewa kwamba limemuuma.

Akafungua faili alilokuwa amelihifadhi miaka miwili nyuma. Ulikuwa waraka wa ukurasa mmoja kutoka Maktaba ya Seli, Dodoma. Ulieleza seli zenye mfereji kwenye kiini, zinazojipanga kuzunguka uwazi, zinazokataa rangi zote tano. Wagonjwa sita walikuwa wamegunduliwa baada ya kufa, kuanzia Ziwa Rukwa mpaka Ziwa Kivu. Wote Jicho liliwaita wa saratani ya tezi. Wote walifumiwa dawa ya tezi. Hakuna aliyemaliza mwezi, kwa sababu dawa ile, badala ya kuziua seli hizi, ilizilisha. Na mwisho wa ukurasa, kwa wino mwekundu: *Hatujawahi kuzipata zikiwa hai.*

"Zilizo hai zimebaki?"

Kibona alikwenda kwenye kitalu, kabati la joto ambamo masalia ya kila sindano yalihifadhiwa, akasoma kipimo chake, akarudi.

"Mia tatu na arobaini. Nimezipa chakula, hazili. Hazigawanyiki. Siku tatu hazifiki."

Tulinagwe alikibonyeza kisanduku chekundu kilichokuwa pembeni ya kile cha kijani. Kwa miaka minne hakuwahi kukibonyeza. Skrini ikamwuliza sababu. Aliandika: *Huu si ugonjwa mnaoufikiri.* Dripu ya Subilaga Kasyupa ikasimamishwa kabla haijaanza kufumwa.

2

Mchana alimpigia simu Daktari Simfukwe wa Sumbawanga. Walisoma pamoja, na kwa kuwa walikuwa wamebaki wawili, walizoea kutumiana picha za vioo vinavyowasumbua.

Simfukwe aliitazama picha. Kisha akasema, "Ni zilezile, dada."

"Nilitaka useme wewe kwanza."

"Ni zilezile za Fulgensi."

Fulgensi Sikazwe alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa ufundi wa mitambo ya upepo kule Ufipa. Wiki tatu kabla ya hapo Simfukwe naye alibonyeza kisanduku chekundu kwa ajili yake, na hivyo akawa mtu wa kwanza kugunduliwa na ugonjwa huu angali hai. Lakini seli zake zilichukuliwa katika zahanati ya mbali na kutumbukizwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, kabla hazijafika mjini. Zilifika zimekufa. Za pili hazikuwezekana, kwa kuwa pafu lake lilikuwa limejaa maji na moyo umesogezwa upande.

"Una hai ngapi?" Simfukwe aliuliza.

"Mia tatu na arobaini."

Alimsikia akivuta pumzi. Hesabu hiyo wote wawili waliijua kichwani. Maktaba ilihitaji seli hai mia mbili na hamsini ili kuusoma ugonjwa mpya na kuuchora. Kuzisoma ni kuzisaga, hakuna inayorudi. Baada ya wiki tano mchoro ungekamilika na kusambazwa kwenye mashine zote za kufuma, na kuanzia hapo hata seli zilizokufa zingetosha kumfumia mtu dawa yake. Fulgensi alikuwa amebakiza kama miezi miwili. Subilaga alikuwa na wiki tatu, labda nne.

Palikuwa na njia nyingine. Mashine ingeweza kufuma bila mchoro, ikibahatisha nyuzi moja baada ya nyingine na kuzijaribu juu ya seli za mgonjwa mwenyewe. Mafundi waliiita kufuma gizani. Ilitaka seli hai mia tatu, nazo pia zingekwisha zote, na kilichofumwa kingemfaa mtu huyo mmoja tu, bila kumfundisha yeyote chochote. Katika wagonjwa kumi na watano, mmoja alipata nafuu. Nafuu, si kupona.

"Zipeleke Dodoma kesho asubuhi," Simfukwe alisema. "Nakuomba."

"Si zangu, kaka."

"Najua si zako."

"Sheria ya Mwili inasema ni za aliyetolewa. Nitamweleza, aamue."

"Utamweleza kwamba kuna Fulgensi?"

"Unajua hairuhusiwi kumtajia mgonjwa habari za mgonjwa mwingine."

"Najua," alisema Simfukwe. "Mama yake anakuja hapa kila asubuhi. Anakaa kwenye benchi mpaka nimwambie nenda nyumbani. Sikuambii kitu, dada. Nakueleza tu ninachokiona."

Tulinagwe alipokata simu, Kibona alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Kipimo cha kitalu kinasomwa na mimi," alisema Kibona kwa sauti ya chini. "Nikiandika mia mbili na themanini, nani atahesabu tena? Za kufuma hazitoshi, za Maktaba zinatosha. Huyu mama hatakuwa na la kuchagua. Hatajuta, wala hatalaumiwa."

Tulinagwe alilifikiria. Baadaye hakuwahi kujidanganya kwamba hakulifikiria. Alisimama akitazama kitalu kwa muda, taa yake ndogo ikiwaka, na ndani yake uhai wa mtu mmoja uliokuwa unamwua mwenyewe.

"Andika mia tatu na arobaini," alisema.

"Sawa, daktari."

"Tusianze kuwadanganya watu, Kaka Kibona. Tukianza hatutajua pa kuishia."

3

Subilaga aliingia akimshika mumewe mkono. Ambwene, fundi wa pampu za umwagiliaji, alikuwa mtu mrefu aliyeinama kidogo kama anayeogopa kugonga kizingiti. Mkononi alibeba mfuko wenye viatu vya mkewe, kwa maana miguu ya Subilaga ilikuwa imevimba, naye alikuja na kandambili. Alikaa, akapumzika kwanza kabla ya kusalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Nimeshapoa." Alikuwa akisema maneno machache, anavuta hewa, anaendelea. "Jana niliambiwa ni ya tezi. Nikaambiwa dawa ipo. Halafu dawa haikuja."

"Mimi ndiye niliyeizuia."

Ambwene alinyanyua uso.

Tulinagwe aliwaonyesha picha. Aliwaonyesha duara, uwazi wa katikati, mfereji wa kahawa. Aliwaeleza kwamba Jicho linajua kile tu lilichofundishwa, na ugonjwa huu halijafundishwa, kwa hiyo likaupa jina la jirani yake. Aliwaambia kwamba dawa ya jana ingemmaliza mapema. Hakuficha hata moja.

"Unaitwaje?" Subilaga aliuliza.

"Bado hauna jina."

Subilaga alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, wakamsubiri. "Sisi hata kiazi kipya," alisema alipotulia, "tunakipa namba siku hiyohiyo."

Ndipo Tulinagwe akaeleza njia mbili. Alijitahidi sauti yake isiegemee upande wowote, kama mtu anayevuka mto akiwa amebeba ndoo mbili zilizojaa. Kufuma gizani, mmoja katika kumi na watano, nafuu ya muda. Au seli ziende Dodoma, na yeye apewe hewa na dawa za maumivu, na watakaokuja na ugonjwa huu wapate dawa yao.

"Mchomeni tena sindano," alisema Ambwene. "Mzigawe. Za huku na za huku."

"Sindano ya kwanza ilitoboa, baba, pafu la kulia likasinyaa nusu. Sasa anapumua kwa la kushoto tu. Aliyemchoma amekataa kurudia, na hata mimi ningekataa."

Ambwene aliuweka mfuko wa viatu sakafuni, akauchukua tena.

"Watakaokuja," alisema Subilaga. Alikuwa anamtazama Tulinagwe machoni. "Yupo mtu sasa hivi? Yupo anayesubiri?"

Hilo ndilo swali ambalo Tulinagwe hakuwa amejiandaa nalo. Alijiandaa kwa hasira, kwa machozi, kwa maswali ya asilimia. Sheria ilimpa jibu moja: siruhusiwi kusema. Lakini mtu yeyote mwenye akili angelisikia jibu hilo kama ndiyo, na Subilaga alikuwa na akili. Angetoka mle chumbani akiwa amebebeshwa kijana mzima. Akichagua kuishi, angekuwa anaishi juu ya mgongo wa mtu. Siku zake chache, kama angezipata, zingekuwa siku za mwizi. Tulinagwe alimtazama mwanamke huyu ambaye miguu yake haikuingia tena kwenye viatu vyake, akaona kwamba mzigo huo hawezi kumtwisha.

"Hayupo," alisema. "Ni watu wa baadaye tu."

Subilaga aliendelea kumtazama, kisha akashusha pumzi. "Afadhali," alisema. "Wa baadaye watanisamehe. Nina mtoto wa miaka mitatu, mama. Anaitwa Lusajo. Hata sura yangu hataikumbuka kwa umri huo." Akapumzika. "Angalau nijaribu kumwongezea siku."

Alimgeukia mumewe. Ambwene alitikisa kichwa kukubali.

"Fumeni," alisema Subilaga, akaweka dole gumba.

4

Mashine ilifuma kwa saa kumi na moja. Kibona alisimama pale toka mwanzo hadi mwisho, na ilipomaliza alikifungua kitalu, akakitoa kisahani kitupu, akakiosha kwa mikono yake.

Simfukwe alipiga simu kesho yake asubuhi.

"Amechagua?"

"Tumefuma."

"Alijua?"

"Kaka, sheria…"

"Sikuulizi sheria. Nakuuliza kama alijua."

"Aliuliza kama kuna mtu anayesubiri. Nikamwambia hayupo."

Hakumtukana. Ingekuwa nafuu kama angemtukana. Alisema, "Basi sawa, dada," akakata, na tangu siku hiyo hakumtumia tena picha ya kioo chochote.

Dawa ilimshika Subilaga. Katika kumi na watano, yeye akawa yule mmoja. Homa ilimchemsha siku mbili, na siku ya tatu akaamka akaomba uji, akanywa akiwa ameketi. Siku ya tano akatoka hospitali kwa miguu yake, amevaa viatu, akarudi nyumbani kwake Inyala.

Siku ya kumi na mbili Tulinagwe alikwenda kumwona. Alimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye gunia kavu, anachambua viazi vya mbegu. Lusajo alikuwa kwenye mapaja yake akipewa vile vibovu avirushe mbali. Ambwene aliketi mbele yao na kalamu, akiandika namba anazotajiwa, kwa maana kuna mbegu nane alizozitengeneza mkewe ambazo hakuna mwingine aliyejua kuzitofautisha kwa macho.

"Hii ina macho ya kuzama," Subilaga alikuwa anamwambia. "Shika. Usitazame, shika. Umeona? Hiyo ni ya nne."

Alipomwona Tulinagwe aliinuka, akatembea kumlaki, hatua kama kumi, bila kushika ukuta. "Ndaga fijo, mama," alishukuru kwa lugha ya kwao, akaishika mikono yake yote miwili. Viganja vyake vilikuwa na udongo na vilikuwa na joto. "Jana nimemwogesha Lusajo mimi mwenyewe. Nimembeba mpaka kwa mama yangu na kurudi. Kila jioni namhesabia nilichofanya naye, hata kama haelewi."

Tulinagwe alikaa nao mpaka chai ikaiva. Alikuwa amekuja na maneno. Alikuwa ameyapanga barabarani kutoka Mbeya, kwamba atamwambia, kwamba hata ukweli uliochelewa ni mali ya mwenyewe. Alimtazama mtoto akirusha viazi.

"Unataka kusema kitu, mama?" Subilaga aliuliza. "Naona kama una neno."

"Hapana. Nilikuja kukuona tu."

Siku ya kumi na tisa kikohozi kilirudi. Siku ya ishirini na nne Subilaga alifariki, mchana, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wa Ambwene. Tulinagwe aliomba kuangalia kama kuna chochote cha kuokoa kwa ajili ya Maktaba, lakini dawa iliyofumwa kwa kubahatisha ilikuwa imezivuruga seli zote zilizobaki mwilini. Chini ya lenzi hakuona duara, wala mfereji. Aliona uji tu.

Msibani Ambwene alimshukuru mbele za watu. Alisema daktari huyu aliwapa siku ambazo mashine ingewanyang'anya. Watu wakageuka kumtazama. Tulinagwe aliinamisha kichwa.

Fulgensi Sikazwe alifariki wiki saba na siku mbili baada ya seli mia tatu na arobaini kwisha. Tulinagwe alilijua hilo kwenye orodha ya vifo ya kanda, si kwa Simfukwe. Alichukua kalenda, akahesabu kwa kidole. Mchoro ungekuwa tayari siku kumi na sita kabla.

5

Alikwenda Sumbawanga bila ruhusa ya mtu. Kabla ya kuondoka alimwandikia Simfukwe akimwomba aelekezwe nyumbani kwa marehemu, na Simfukwe akamjibu kwa mstari mmoja, jina la mtaa na rangi ya geti. Hakumkataza, wala hakusema atamsindikiza.

Mama yake Fulgensi, Leonsia Sikazwe, alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alimkaribisha barazani, akamletea chai, kisha akaketi kwenye kiti cha cherehani akiwa ametazamana naye. Alikuwa na umri uleule wa Tulinagwe, au mdogo kidogo, amevaa nguo ya kaniki na nywele amezinyoa. Upepo wa Ufipa ulikuwa unapiga bati.

"Daktari Simfukwe aliniambia unakuja," alisema. "Hakuniambia unakuja kwa nini."

Tulinagwe alimweleza. Alianza na kioo, kwa sababu hapo ndipo alipojua kuanzia, akaeleza seli ngapi zilikuwa hai na zingeweza kufanya nini. Alieleza kwamba palikuwa na mwanamke, bila kumtaja jina. Alieleza swali aliloulizwa na jibu alilolitoa. Alipofika kwenye siku kumi na sita alisita, kisha akazisema nazo, kwa maana alikuwa amekuja kwa ajili ya hizo.

Leonsia hakumkatiza hata mara moja. Alikuwa ameshika kipande cha kitambaa cha bluu alichokuwa anakishona, akikikunja na kukikunjua.

"Huyo mwanamke," alisema hatimaye, "alipata siku ngapi?"

"Nzuri hazikufika ishirini."

"Alizifanyia nini?"

"Alimwogesha mtoto wake. Alimfundisha mumewe kuzijua mbegu zake. Alitembea."

"Mtoto wa miaka mingapi?"

"Mitatu."

Leonsia alitikisa kichwa polepole. "Mimi sina neno naye. Ningekuwa na wa miaka mitatu ningefanya hivyohivyo." Alikiweka kitambaa juu ya cherehani. "Wangu alikuwa na ishirini na miwili. Alipoanza kubanwa alikuwa ananiambia, mama, usikae hapa, nenda ukashone. Hakutaka nimwone. Nilikuwa najificha nyuma ya mlango nasikiliza anavyovuta pumzi."

"Nilidhani namhurumia yule mama," alisema Tulinagwe. "Niliona mzigo ni mkubwa kwake."

"Labda ulikuwa mkubwa. Ulijuaje kwamba hawezi kuubeba?"

Tulinagwe alikitazama kikombe chake cha chai.

"Alikuuliza," alisema Leonsia. Sauti yake ilikuwa bado chini, kama mtu anayemweleza mteja kosa la kipimo. "Mtu akiuliza hivyo anataka kujua. Ungemwambia ndiyo, yupo. Jina ungelificha. Angesema hapana, angekuwa amesema akijua, na mimi ningeipokea hapana yake. Au ungenipigia mimi. Ningepanda gari siku hiyohiyo, ningekuja mpaka kwake, ningempigia magoti. Kama angenikatalia, ningerudi hapa nikamtazame mwanangu anakufa, lakini nikijua kwamba niliomba. Sasa mimi sikuomba. Nilikaa kwenye benchi kila asubuhi nikidhani hakuna wa kumwomba."

Alisimama. Tulinagwe alibaki amekaa.

"Na yeye hakukataa," alisema Leonsia. "Unaelewa, daktari? Yule mwanamke hakumkatalia mwanangu. Hakujua kama yupo. Aliyemkatalia ni wewe."

Alikichukua kikombe cha mgeni, ambacho kilikuwa hakijaguswa, akaimwaga chai kwenye majani ya pembeni ya baraza, akaingia nacho ndani. Tulinagwe alisikia komeo likisukumwa. Aliendelea kukaa pale barazani, kwa kuwa hakujua aelekee wapi, mpaka aliposikia cherehani ikianza kushona ndani ya nyumba.